Maswali ya Wasomaji: Mlezi Aliyepoteza Mtumbwi

Mwezi huu nimezipa nafasi barua tatu tu, moja ya Kigoma na mbili za mkoa wa Tabora, kwa kuwa zote zinahusu jambo moja: mwanaume Mkristo aliyeanza kuwalea wenzake katika imani, kisha shida ikaingia katikati ya malezi hayo. Majina ya walioandika nimeyahifadhi kama walivyoomba. Barua ya kwanza imenikaa moyoni wiki nzima, ndiyo maana jibu lake ni refu kuliko mengine.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, mzee wa kanisa, nina mke na watoto watano. Kwa miaka minne nimekuwa nikikutana na vijana wanne wanaofanya kazi kwenye vyombo vya matajiri mbalimbali. Tulipanga tukutane zile siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na vyombo vimepandishwa mchangani. Tunakaa barazani kwangu, tunasoma Neno, tunaulizana habari za nyumbani, tunaomba. Wawili walikuwa walevi nilipoanza nao. Leo mmoja amefunga ndoa kanisani na mwingine anafundisha watoto Shule ya Jumapili.

Ziwa lilipofungwa kwa miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, nilikula akiba yangu yote. Lilipofunguliwa nilikopa kwenye kikoba nikanunua nyavu, na mwaka uliofuata upepo wa kusi ukanivunjia mtumbwi na injini ikazama. Sasa nadaiwa, na ninabeba magunia ya dagaa ya watu wengine ili watoto wale. Mtu mmoja amesema mbele ya vijana wangu kwamba kama Mungu angekuwa pamoja nami nisingefika hapa. Nimeona aibu kubwa. Mbalamwezi mbili zilizopita nilimtuma mwanangu akawaambie kwamba nimesafiri kwenda Uvinza, kumbe nilikuwa chumbani. Nimemweleza mke wangu kwamba nitasimama kwanza mpaka mambo yangu yatengemae. Je, nimekosea? Nitawafundishaje wengine kumtegemea Mungu hali mimi mwenyewe nimeshindwa?

Mvuvi, Kibirizi

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Anayeishi kando ya ziwa anajua kwamba mtumbwi ni ada ya shule, ni chakula cha jioni, ni heshima ya mtu anapopita sokoni. Kwa hiyo sitakuambia kwamba uliyoyapoteza ni madogo.

Katika barua yako kuna mambo mawili ambayo umeyafunga kwenye furushi moja, nami naomba nilifungue. La kwanza ni kufilisika. Upepo ulivunja chombo, injini ikazama, deni likabaki. Hapo sioni dhambi. Ulikopa ili ufanye kazi halali, hukuwakimbia waliokukopesha, na unabeba magunia ya watu ili uilishe nyumba yako. La pili ni ule ujumbe wa Uvinza. Huo ulikuwa uongo, na tena ulimpa mtoto aubebe. Umelilia sana jambo la kwanza, ambalo halina lawama, ukalipita kwa sentensi moja la pili, ambalo ndilo linalohitaji toba. Nakuandikia hivi kwa upendo, kwa sababu naamini ukilitengeneza hili la pili, la kwanza halitakuwa na nguvu tena ya kukufungia chumbani.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 14. Paulo anapigwa mawe mjini Listra, anaburutwa hadi nje ya mji, watu wakidhani amekwisha kufa. Kisha nenda sura ya 16. Yupo Listra tena, na ni huko anakomchukua kijana aitwaye Timotheo ili afuatane naye. Maandiko hayasemi kama Timotheo alikuwepo siku ile ya mawe, lakini mji haunyamazii jambo kama hilo, na Paulo mwenyewe, miaka mingi baadaye, anamkumbusha kwamba anazijua taabu zilizompata Antiokia, Ikonio na Listra. Litafakari hilo, ndugu yangu. Mtu ambaye kijana huyu alikubali kumfuata ni yule ambaye watu wa mji wake walikwisha kumwona amelala chini kama maiti. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba njia ile ina mawe, akaenda.

Sasa fungua waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya mwisho. Paulo yuko kifungoni, anajua kwamba kufa kwake kumekaribia, na anaandika mambo ambayo mwanaume wa kwetu angeona haya kumwandikia kijana aliyemlea. Anasema Demas amemwacha. Anasema katika kujitetea kwake mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesimama upande wake. Anaomba aletewe joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu vyake, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mlezi anamweleza mwanafunzi wake kwamba anasikia baridi na kwamba yuko karibu peke yake. Wanaume wa Kiha na wa Kinyamwezi, nami nikiwamo, tumelelewa tuifiche baridi ya namna hiyo hata kwa wake zetu. Lakini ni katika waraka huo huo, sura ya 2, tunakosoma agizo ambalo kila semina ya wanaume hulirudia, kwamba Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, nao wawafundishe wengine. Sisi hulisoma agizo hilo tukiwa tumekaa vizuri ukumbini baada ya chai. Aliyeliandika alikuwa amefungwa mnyororo, wala hakumwambia Timotheo kwamba mafundisho yamesimama mpaka mnyororo utakapofunguliwa.

Nikueleze habari za mzee aliyenilea mimi. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hapa Tabora, naye alikuwa mwinjilisti wa kujitolea, akiishi kwa mshahara wa kazi yake nyingine. Alipopunguzwa kazini akiwa na watoto wengi bado wanasoma, akaanza kuziba pancha za baiskeli chini ya mwembe kando ya barabara. Nilidhani vikao vyetu vimekwisha, nikamwonea huruma kwa mbali. Yeye akanitumia salamu kwamba saa ni ile ile, mahali tu ndipo pamebadilika. Nikawa nakaa juu ya debe lililopinduliwa. Yeye anaizamisha tyubu kwenye karai la maji, anaibana polepole akitafuta mahali povu linapotokea, anaikausha kwa kitambaa, anapiga msasa, anapaka gundi, anangoja ikauke. Na katika kule kungoja gundi ndipo tuliposoma Waraka kwa Wafilipi, aya mbili au tatu kwa siku, kwa maana mteja mwingine akifika ilibidi tunyamaze. Siku moja mteja alikosea hesabu akalipa zaidi, na alikuwa amekwisha kupanda baiskeli yake na kwenda zake. Mzee alinipa zile fedha nikamkimbilia mpaka nikampata. Siku hiyo nilijua kwamba nyumbani kwake hawakuwa wameinjika chungu, kwa sababu mchana tulikula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maji, naye aliyaombea kwa utulivu, bila haraka, kama mtu aliyewekewa wali na nyama. Mengi aliyonifundisha juu ya Wafilipi nimeyasahau. Matobolwa yale sijayasahau, na sala ile najaribu kuisali mpaka leo.

Huyo aliyesema kwamba Mungu hayuko pamoja nawe hakuwa wa kwanza. Rafiki zake Ayubu walisema hivyo hivyo kwa maneno mazuri zaidi, na mwishoni mwa kitabu hasira ya Mungu iliwaka juu yao, si juu ya Ayubu. Siku hizi mafundisho hayo yanahubiriwa kwa sauti kubwa, kwamba mtu wa Mungu hapungukiwi wala hadaiwi, nami nayaona yanawaumiza wanaume kuliko tunavyokiri makanisani, kwa sababu kila anayefilisika hujifungia ndani, na aliyejifungia ndani hawezi kumlea mtu. Vijana wako wanne wako kwenye kazi ambayo upepo wa usiku mmoja unaweza kuyageuza maisha. Siku moja chombo kitamvunjikia mmoja wao. Siku hiyo atakumbuka ulipita vipi mahali hapo, na kwa sasa atakachokumbuka ni kwamba ulimtuma mtoto aseme umesafiri.

Basi mbalamwezi ijayo waite, mkae barazani pale pale. Anza na habari ya Uvinza, mwanao akiwepo, kwa kuwa naye alihusishwa. Sentensi tatu zinatosha: kwamba ulisema uongo, kwamba ulifanya hivyo kwa aibu, na kwamba unaomba msamaha wao na wa mtoto. Usiuzungushe kwa mifano wala kwa mahubiri. Ukimaliza, waeleze hali yako kwa kadiri inayowafaa: kwamba kuna deni, kwamba unalipa namna gani, kwamba kuna usiku ulishindwa kuomba. Usiwatajie waliokukopesha wala usiwapelekee malalamiko juu ya mkeo au viongozi wa kanisa. Kijana akibebeshwa yasiyomhusu anageuzwa kuwa mshauri wa mlezi wake, na huo ni mzigo uliozidi umri wake. Kwa ajili ya mambo mazito zaidi unahitaji mwanaume wa rika lako. Paulo gerezani alikuwa na Luka. Kama huna mtu wa namna hiyo, mwombe mchungaji wako akusaidie kumpata, na yeye mwenyewe umweleze hali ya deni kabla hajaisikia sokoni.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali kidogo. Usikope kwa vijana hao hata shilingi moja, hata kama wao wenyewe watasema wanataka kukusaidia, maana deni likiingia kati ya mlezi na anayelelewa, hakuna tena anayeweza kumwonya mwenzake. Lakini kama wataleta dagaa au mafuta ya mawese mlangoni pako, mkeo akijua na wote wakijua, pokea na ushukuru. Paulo alipokea zawadi ya Wafilipi, akawaandikia shukrani bila kujidhalilisha. Mwanaume anayekataa kila msaada anawafundisha vijana wake kiburi bila kutamka neno.

Jambo jingine ni kwamba huhitaji kuongoza kila kikao katika kipindi hiki. Huku kwetu Unyamwezi, wamisionari wa Kanisa la Moravian walipokea kazi ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa shirika la London waliotangulia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, katika miaka ya njaa na ya watu kuchukuliwa kwenda kubeba mizigo ya majeshi. Hakuna aliyewaambia kwamba sasa mmeiva. Walisoma Neno na watu wao kwa sababu asiposoma mmoja wao hakuna mwingine wa kusoma, na kanisa liko mpaka leo. Kwa hiyo yule kijana wako aliyefunga ndoa mpe somo la mbalamwezi ijayo, wewe ukae upande wa wasikilizaji. Na kila mmoja wao umuulize, kwa upole, ni nani kwenye chombo chake ambaye ameanza kutembea naye. Miaka minne imetosha kwa swali hilo.

SWALI

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu huku Urambo, tunalima tumbaku. Mume wangu ameokoka kweli na simshitaki kwa ubaya. Lakini tangu apewe kazi ya kuwalea vijana wa kanisa, kila jioni yuko kwao. Wakati wa kukausha tumbaku mimi na mtoto wa kwanza ndio tunaolinda usiku moto wa bani, lile banda la kukaushia, naye anarudi usiku wa manane. Msimu uliopita tumbaku ya bani zima iliharibika. Nikisema, anajibu kwamba huu ni msalaba na kwamba Yesu alisema mtu aache nyumba na shamba. Ada hatujamaliza. Nifanyeje bila kupingana na kazi ya Mungu?

Mama wa Urambo

JIBU

Mama, nashukuru kwa barua yako, na nakuomba umpe mume wako asome sehemu hii mwenyewe, kwa kuwa ninamwandikia yeye zaidi kuliko wewe.

Ndugu, mvuvi wa Kibirizi hapo juu alivunjiwa chombo na upepo. Bani lako liliharibika kwa sababu hukuwepo. Shida ya namna ya kwanza Mkristo huivumilia. Ya namna ya pili huirekebisha, na kuiita msalaba ni kumsingizia Bwana. Paulo anamwandikia Timotheo, katika waraka wa kwanza sura ya 3, kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu. Hakuandika hivyo ili kuwazuia wanaume wasitumike. Alijua kwamba kijana anayelelewa hutazama jinsi mlezi wake anavyozungumza na mkewe kabla hajasikiliza anachosema juu ya Waefeso.

Wala sikuambii uwaache vijana. Nakuambia uwalete banini. Kila mkulima wa tumbaku anajua kwamba moto ule unatakiwa kuangaliwa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo, kuni zikiongezwa kwa kipimo, joto likipandishwa polepole, na kwamba kati ya kuongeza kuni na kuongeza tena kuna muda mrefu wa kukaa tu. Sijui darasa bora kuliko hilo. Vijana wawili au watatu wakija na Biblia na tochi, mtoto wako wa kwanza akiwa kati yao na si kijakazi wa moto peke yake, mama akiwa amelala ndani kama mtu mwingine yeyote aliyefanya kazi mchana kutwa, utakuwa umewalea wote kwa usiku mmoja. Kumbuka huyo mtoto wako ndiye wa kwanza uliyekabidhiwa.

Huko Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliishi Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari Wakatoliki, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akawa tabibu na katekista hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu waliokuja na vidonda vyao ndio hao hao aliowafundisha imani. Namtaja kwa sababu hakuwa na maisha mawili, ya kazi upande huu na ya Mungu upande ule, na kwa sababu mtoto wake wa kumzaa alikuwa padri.

Nawe mama, kama baada ya kusoma haya hakuna kinachobadilika, mweleze mchungaji wenu pamoja na mkewe, mume wako akiwa anajua kwamba unakwenda. Hilo si kupingana na kazi ya Mungu.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naendesha bodaboda hapa Tabora mjini. Mzee aliyenileta kwa Yesu alikuwa anakutana nasi watano kila Jumamosi. Mwaka huu alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Nilikwenda hospitali mara moja, nilipomwona analia nikashindwa. Sijarudi kwa miezi mitatu. Wenzangu nao wametawanyika. Je, nitafute mlezi mwingine?

Kijana wa bodaboda

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kulia kwa mtu aliyepatwa na kiharusi wakati mwingine ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na huja hata pale mgonjwa anapofurahi, kwa hiyo usidhani kwamba kukuona kulimwongezea huzuni. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa anakushukuru na hakuwa na neno la kukuambia.

Ulikimbia kwa hofu, na hilo si jambo dogo, lakini pia si jambo la kukufungia mlango. Yohana aitwaye Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia, tena ikawa sababu ya wazee wale wawili kugombana na kutengana. Barnaba akamchukua hivyo hivyo alivyo. Katika barua ile ile ya gerezani niliyoitaja mwanzo, Paulo anaomba Marko aletwe kwake, maana anamfaa. Waliokimbia wanaruhusiwa kurudi, na unaporudi usianze na maelezo marefu. Salimia, kaa, mwambie umekosa kwa kutokuja.

Swali lako la mlezi mwingine nitalijibu kwa ufupi: ndiyo, mwombe mchungaji akuelekeze kwa mwanaume mwingine mwenye kuweza kuzungumza nawe, kwa sababu una umri wa maamuzi makubwa na unahitaji wa kukuuliza maswali. Ila usimhesabu mzee wako kuwa amemaliza. Kuna sehemu ya malezi yake ambayo ameifikia sasa tu, nayo haiwezi kufundishwa na mtu mwenye afya. Utaona mtu anayeshindwa kufunga kifungo cha shati yake akiendelea kumwamini Mungu, au akipigana ili aamini, na yote mawili yatakufaa siku zako zitakapofika. Nimekaa na wagonjwa wengi wa namna hii. Wengi wanaelewa kila kitu unachosema ingawa ulimi hautii, na kinachowaumiza ni watu kuzungumza mbele yao kana kwamba hawapo.

Kwa hiyo mtafute kwanza mmoja wa wale wanne, mwende wawili, kwa kuwa ukienda peke yako unaweza kushindwa tena. Mwulizeni mke wake ni saa ngapi mgonjwa huwa na nguvu, wala msikae zaidi ya nusu saa. Kaeni upande ambao anaona na kusikia vizuri. Msimsomee sura mnayotaka ninyi. Mtajieni zaburi mbili au tatu, mngoje aonyeshe kwa jicho au kwa mkono wa kushoto anayoitaka, hata kama itachukua muda mrefu, kisha msome polepole. Akitaka kuomba kwa sauti, mwacheni aombe, wala msimmalizie maneno. Na kwa kuwa una pikipiki, mwulize mama kama kuna siku za kwenda kwenye mazoezi ya viungo, na nani humpeleka. Mgonjwa asiyeweza kujishikilia hapandishwi pikipiki, hivyo ukikuta hakuna wa kumpeleka, changishaneni ninyi watano nauli ya bajaji, na wewe utangulie kumsubiri mlangoni ili umshike mkono anaposhuka.